Mkwe Chokaa wa Nanganga

Nachingwea, nyuma ya soko,
Jumapili baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Ndugu yangu Zaina asiipokee kwa niaba yako kama alivyozoea. Akusomee, uitikie mwenyewe, ndipo aendelee. Goti la kushoto linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilifika, au naye alikuwa na goti lake? Na yule mbuzi mweusi amezaa, au bado anatudanganya na tumbo?

Ulisema hutaki tena habari zangu za kwenye simu, kwamba salamu zinakatika kabla hatujamaliza kuulizana uzima, na kwamba sauti ya mtu huwezi kuifunga kwenye pindo la khanga ukaifungua tena ukipenda. Basi nimenunua daftari. Mwandiko ukiwa umelegea nisamehe. Kalamu hii nimeizoesha kuandika majina ya watu na vijiji vyao, haijazoea kusema na mama.

Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, ila shangazi asiambiwe. Huku wanachemsha mizizi ya porini inayoitwa ming'oko, myembamba kama vidole, inauzwa stendi kwa mafungu. Siku ya kwanza niliitafuna pamoja na maganda. Muuzaji alinitazama kwa huruma mpaka nikamaliza fungu zima, ndipo akaniuliza natokea wapi. Nilipomwambia Kondoa akasema, "Aa, kumbe," kama mtu aliyejibiwa maswali yote kwa mpigo.

Sasa kazi. Uliniuliza kama ulinisomesha miaka yote ile ili nikachunguze watu wanavyocheka. Ni kweli ndiyo kazi yenyewe. Kikundi chetu cha sanaa kinakusanya historia ya vichekesho: watu walicheka nini kwenye sinema za zamani, kwenye maigizo, kwenye nyimbo, redioni, na baadaye kwenye televisheni. Mimi nazunguka na kinasa sauti. Mkubwa wangu, Bwana Tarimo, yuko Dar es Salaam, anapokea ninachotuma na kunijibu "Kazi nzuri," basi. Tukishakusanya, tunarudi vijijini kuwaonyesha wenyewe historia yao.

Nilipofika nilimwomba mwenye nyumba wangu, Mama Sharifa, anitangazie mtaani kwamba amekuja dada anayetaka mambo ya zamani ya redio na televisheni. Asubuhi nikafungua mlango nikakuta televisheni tatu mbovu na redio moja, na wenyewe wamekaa kwenye ngazi wanangoja. Mmoja alikuwa ametoka nayo Naipingo, kaifunga nyuma ya baiskeli na kuifunika shuka. Nikamweleza kwamba mimi sitengenezi. Akaniuliza, bila hasira, sasa televisheni nazitakia nini. Nikamwambia nataka kujua iliwahi kumchekesha nini ilipokuwa nzima. Mama, yule bwana alikaa akanisimulia saa nzima, akainuka, akaigiza mwendo wa watu wa kwenye vichekesho na sauti zao, mpaka wale wenye televisheni nyingine wakasahau shida zao. Akaondoka ameridhika kabisa. Televisheni yake aliiacha. Iko chini ya kitanda changu mpaka leo, na mwenyewe hapokei simu.

Nilipata mengi. Mnero, mwalimu mstaafu alinieleza igizo la shule ambalo kijana mwenye ndevu alichezeshwa bibi harusi, na katikati ya ndoa mbuzi wa kweli akapanda jukwaani akala ua la kichwani, bibi harusi akamkimbiza mbuzi mpaka uwanjani na igizo likaishia huko. Ruangwa, mama mmoja muuza vitumbua aliniimbia wimbo wa dansi wa mtu aliyeazima suruali ya kwendea posa, na mwenye suruali naye akawa miongoni mwa wageni. Aliuimba huku anageuza vitumbua, hakuunguza hata kimoja.

Lakini kila nilipokwenda, na zaidi nilipofika Nanganga, watu walinitajia jambo moja: Mkwe Chokaa. Mtu akila sana ugenini wanamwambia, "Usitufanyie ya Mkwe Chokaa." Baba akimringia mchumba wa bintiye, watu wanauliza kama kasahau chokaa. Nikadhani ni hadithi ya mababu. Kumbe ni sinema.

Zamani, wakati wa vijiji vya Ujamaa, lilikuwa linapita gari la sinema. Linafunga kitambaa cheupe, linaonyesha habari za kilimo bora na kuchemsha maji, lakini ili watu waje kwanza linawawekea kichekesho cha kigeni, cha rangi nyeusi na nyeupe, kisicho na sauti. Watu wanachezacheza, kisha yanatokea maandishi ya Kiingereza, kisha wanachezacheza tena. Pembeni anasimama mtu na kipaza sauti, anaeleza. Yule wa Nanganga na Ruangwa yote alikuwa kijana wa hapo hapo, Mzee Nandonde wa leo.

Nikaenda kwake. Ni mzee mrefu, safi, mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono, anakaa na mkewe Bibi Somoe kando ya mikorosho yao. Heshima yake pale, Mama, usipime. Hakuna ndoa inayofungwa asipokuwa mshenga, na hakuna karatasi ya Kiingereza inayoingia kijijini isipitie mkononi mwake: maelezo ya dawa za hospitali, barua za watoto walioko mbali, makopo ya dawa za kupulizia mikorosho. Alinisimulia sinema yote tangu mwanzo. Kijana maskini anakwenda ukweni. Baba mkwe, mtu mnene, anamdharau. Kijana anapanda ngazi kuiba chakula ghalani kwa njaa, anatumbukia kwenye pipa la chokaa. Mshenga, aliyevaa sare, anakuja kusuluhisha. Wazee wa ukoo wamesimama bustanini, weupe kwa hasira, wamekataa kusema. Mwisho baba mkwe naye anateleza pipani, anatoka mweupe. Hapo Mzee Nandonde alishusha sauti, akasema yale maneno ambayo Nanganga nzima inayajua: "Wakasimama wawili, weupe sawasawa, na hakuna aliyeweza kusema nani tajiri nani maskini."

Nikatuma kwa Bwana Tarimo. Akafurahi mpaka akaandika maneno matano. Akatafuta, akapata nakala ya ile sinema nje ya nchi, akaniletea ndani ya flashi, akaniagiza nitafsiri yale maandishi kwa Kiswahili ili tuiweke Nanganga mbele ya Mzee kama mgeni rasmi.

Nikaiwasha kwenye kompyuta, nikiwa na chai yangu. Mama, hakuna mkwe. Hakuna ukwe popote. Yule kijana ni mpaka rangi aliyeajiriwa kupaka nyumba. Yule mnene ni mwenye nyumba. Mwenye sare ni polisi, anamtafuta mwizi wa bata. Na wale wazee wa ukoo waliokataa kusema ni sanamu za bustanini. Nikaitazama mara tatu, nikidhani pengine mkwe atatokea.

Siku mbili baadaye, kabla sijamwambia mtu, nikamkuta Bibi Somoe kwenye ngazi za Mama Sharifa na jogoo mkononi. Alikuwa amesikia kwamba sinema imepatikana na kwamba itakuja na maandishi ya Kiswahili. Nikamkaribisha ndani. Alikaa, akamlaza jogoo miguuni, akasema, "Mwanangu, hicho kitu hakiwezi kuharibika njiani?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Yule hajui Kiingereza," alisema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Nilimpa karatasi ya sabuni anisomee, akanisomea habari za kilimo bora."

Akanieleza yote taratibu. Mzee alikuwa utingo wa lile gari. Mfasiri wa kweli aliugua njiani, dereva akampa utingo kipaza sauti kwa sababu ndiye aliyekuwa na sauti. Siku ile kwenye umati alikaa baba yake Bibi Somoe, mtu mgumu, aliyekwisha kumkatalia utingo huyo huyo posa kwa kuwa hana shamba. Utingo akamwona. Akaanza kufasiri. Ilipofika mahali pa mnene kutumbukia pipani, baba yake Bibi Somoe alicheka akashikwa na kwikwi, akapigwa mgongoni na majirani, na kesho yake akatuma mtu kumwita yule kijana. Tangu hapo utingo akawa msomi wa Kiingereza, na hakukuwa na njia ya kurudi nyuma.

Nililala nikiwaza, Mama. Kazi yangu ni ukweli wa mambo yalivyokuwa. Ningeonyesha sinema na maandishi yangu, ningemvua mzee wa watu kofia mbele ya kijiji kizima. Ningeharibu flashi, ningekuwa mwongo anayelipwa kukusanya historia. Jogoo nilimrudisha, maana kumla kungekuwa tayari ni jibu. Nikapanda basi nikaenda kwa Mzee mwenyewe.

Nilimkuta anaanika korosho kwenye jamvi. Nikamwambia nimeiona. Hakushtuka. Akaniomba nimsimulie, tangu mwanzo, nisiruke. Nikamsimulia.

"Kwa hiyo yule mnene si baba mkwe," alisema.

"Hapana, Mzee. Ni mwenye nyumba."

"Na wale wazee wasiosema?"

"Ni sanamu."

Aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa nimemliza. Alikuwa anacheka. Alicheka akaegemea nguzo ya baraza, akajishika mbavu, akawa anarudia, sanamu, sanamu, huku anafuta macho kwa ncha ya kanzu. Fikiria, Mama: ameieleza sinema ile vijiji vyote hivi, na siku ile ndiyo kwanza anaambiwa inahusu nini.

Alipotulia alisema, "Weka maandishi yako. Mimi nimechoka. Kila msimu watu wananiletea makopo ya dawa, nawaambia watumie kwa kiasi, wafunge kitambaa puani, na mtoto asiguse. Kisha silali vizuri mpaka nione mikorosho yao imetoa maua."

Siku ya onyesho tulitumia ghala la ushirika, mchana, madirisha tumeyaziba kwa maturubai. Harufu ya ufuta wa msimu uliopita ilikuwa bado ukutani na joto lilikuwa la kuokea mkate. Watu walitoka Ruangwa mjini, wengine huku Nachingwea. Bwana Tarimo alikuja na shati jeupe, baada ya dakika kumi likawa la kijivu. Mzee Nandonde alikaa mbele, amevaa kanzu na koti juu yake. Bibi Somoe alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nikawasha projekta. Watu walipomwona yule kijana mwembamba wa ukweni tu, kabla hajafanya kitu, walipiga makofi kama amerudi kutoka safari. Kisha likatokea andishi langu la kwanza: "Nimekuja kupaka rangi nyumba." Wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua, nong'ono ikapita mbele hadi nyuma. Andishi la pili, la tatu. Lilipotokea lile la mwizi wa bata, bwana mmoja, Ahmadi, mkulima mkubwa wa korosho, akasimama mbele ya mwanga na kivuli chake kikamfunika polisi.

Aliuliza kwa upole maandishi yale kaandika nani. Nikasema mimi. Akauliza natokea wapi. Nikasema Kondoa. Akawageukia watu akasema mtu wa Kondoa hawezi kulaumiwa, hakuwepo, lakini sinema hii wao wanaifahamu na bata hajawahi kuwemo. Ghala zima likamuunga mkono. Wakataka maandishi yangu yaondolewe na Mzee apewe kipaza sauti.

Nikampelekea. Alisimama. Alikishika kwa mikono miwili, akasema, "Mimi Kiingereza sijui. Sikukijua siku ile, na sikijui leo."

Wakacheka. Mama, walicheka mpaka vumbi likainuka. Kwao mzee alikuwa ameanza onyesho. Akarudia, akaapa, wakacheka zaidi. Akaeleza kwamba mwenye sare si mshenga, wakapigana vibao vya mgongoni. Nilimwona jasho linamtoka. Miaka yote hii alidanganya akaaminiwa, leo anasema kweli hakuna anayesadiki.

Ndipo Bibi Somoe akasimama kule mlangoni. Hakuhitaji kipaza sauti. Alisema, "Anasema kweli. Mimi ni mkewe." Akakaa.

Kicheko kilikatika. Ahmadi akamuuliza Mzee kuhusu kopo la dawa alilomsomea msimu uliopita.

"Sikulisoma," alijibu Mzee. "Nililitazama."

"Lakini mikorosho yangu ilizaa."

"Niliiombea dua kila alfajiri, Ahmadi. Yako kwanza, maana ni mingi."

Hakuna aliyecheka hapo. Ahmadi alitazama chini, akachukua kofia yake akatoka nje, na watu wanne wakamfuata. Mzee alibaki amesimama na kipaza sauti kifuani kama mtoto aliyeagizwa dukani akasahau alichotumwa. Bwana Tarimo aliniashiria nizime mashine. Mkono wangu haukwenda.

Mwanamke mmoja mtu mzima, amejifunga khanga kiunoni, akasema kutoka katikati kwamba yeye aliolewa kwa maneno ya sinema ile, na dada yake pia, na kama Mzee hakujua Kiingereza basi na sinema yenyewe haikujua ukwe, hivyo wako sawa. "Irudishe mwanzo," akaniambia mimi. "Na wewe, baba, ifasiri."

Niliirudisha. Nikayafuta maandishi yangu. Mzee alianza kwa sauti ndogo, ikatetemeka kwenye ngazi, ikapata nguvu kwenye pipa. Kila andishi la Kiingereza lilipotokea aligeuka, akalitazama kwa makini kama msomi, kisha akawatazama watu, na pale pale wakaanguka kwa kicheko, maana sasa walijua. Zilipofika zile sanamu alisita, akanitupia jicho, akasema, "Hawa ni wazee wa ukoo. Dada wa Kondoa anasema ni mawe. Kwenu kuna tofauti?" Mama, mimi nililia machozi. Bwana Tarimo alikuwa ameegemea gunia, shati limemshinda, anacheka bila sauti. Na yale maneno ya mwisho, ya weupe sawasawa, hakuyasema Mzee. Waliyasema watu wote pamoja.

Tulipofungua maturubai, Bwana Tarimo aliniuliza ataandika nini kwenye ripoti. Nikamwambia aandike kwamba kuna sinema mbili, moja ya walioitengeneza na moja ya Nanganga, na zote ni historia. Akafikiri njia nzima ya kurudi. Nimeona ripoti. Kaandika "Onyesho lilifana."

Usidhani yote yameisha vizuri. Ahmadi anaitikia salamu ya Mzee kwa kuwa dini inamlazimu, hazidishi neno. Hata posa ya mwanawe alimpa nduguye awe mshenga badala ya Mzee. Ndugu huyo alikwenda, akaongea kirefu juu ya ukubwa wa shamba, na upande wa binti wakamrudisha na ujumbe kwamba waletewe yule asiyejua Kiingereza. Ahmadi bado anawaza. Makopo ya dawa sasa yanasomwa na muuguzi wa zahanati, na Bibi Somoe anasema mumewe analala mpaka anakoroma, jambo ambalo hakulizoea na hajui kama analipenda.

Jana nilikwenda kuwaaga, maana wiki ijayo nahamia upande wa Liwale. Wakati ananifungia ming'oko ya safari, Bibi Somoe akaniuliza, "Na mama yako, yeye alicheka nini ujanani?"

Nikafungua mdomo nikakuta hamna kitu. Nina daftari sita za vicheko vya watu, Mama, na chako sina. Ninakumbuka siku moja tu. Nilikuwa mdogo, nimetoka kuchota maji, nikakukuta jikoni umeegemea mlango, mwiko mkononi, redio inaongea, na wewe umeinama unacheka hata huwezi kupumua. Uji ulikuwa unaungua. Uliponiona ulijifuta uso, ukazima redio, ukanikemea kwa kuchelewa. Sikuwahi kuuliza walisema nini. Uji tuliunywa hivyo hivyo wenye moshi, na hukutueleza.

Nakuomba uniambie. Mwambie Zaina aandike kama utakavyosema, asinyooshe maneno yako, na asiache mahali utakapocheka, aandike tu "hapa Mama kacheka." Kama umesahau walichosema, sema ulichodhani wamesema.

Nisalimie shangazi Mariamu na vidonda vyake vya tumbo, na mjomba Juma umwambie ile redio yake asimpe fundi mpaka nije. Salamu kwa mume wa Zaina, mpole wetu, na kwa mama mkwe wake, huyo kwa heshima zote. Jirani wa kisimani, yule anayekula kila kitu na maganda yake, umwambie nimemkumbuka kwenye ming'oko.

Naishia hapa kwa kuwa Mama Sharifa ameniita kula, na mtu akichelewa kwake anakula maneno.

Mwanao anayesubiri jibu,
Hadija